Maneno Adimu, na Mikono ya Cucu

Maitu,

Sijui kama huko uendako kuna baba anayemwita binti yake "mama yangu". Wenzako wakikucheka, waambie kwamba kwetu binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba, kwa hiyo mimi nina mama wawili. Yuko Wanjiru wa Gakindu aliyenizaa, na yuko Zuhura Wanjiru niliyemzaa. Wa kwanza nimemwogopa maisha yangu yote. Wa pili nimeanza kumwogopa Jumamosi iliyopita.

Naandika wewe na mama yako mkiwa mmekwenda nyumbani kwa imamu kuaga. Jua bado lipo kidogo. Nimesukuma kitambaa cha mteja kando na kuweka karatasi juu ya cherehani, kwa hiyo ukiona mistari inapanda na kushuka, usidhani ni machozi. Ni meza. Habari za sabuni, za mafuta ya taa, za kutokula samaki usiomjua jina, mama yako amezimaliza, na ninavyomjua atazimaliza tena kesho kabla basi halijaondoka. Wala sitakufundisha kuishi na watu wa pwani. Pwani nilifika mara moja, nikashikwa na malaria, nikarudi.

Nitakuandikia juu ya maneno, kwa sababu ndiyo yanayokupeleka. Bi Salma amekuja kutoka Mombasa kukuchukua ukasome Kiarabu chenyewe, nahau yake na vina vyake, si kukariri kama kasuku jinsi tulivyofanya sisi wa Majengo. Majirani wananipa pongezi. Wengine wananiuliza, "Sasa Hamisi, huyo msichana akishajua hiyo Kiarabu yote, atakuwa nani?" Nawaambia sijui. Ni kweli sijui. Najua tu kwamba ugonjwa huu umeutoa kwangu.

Nilitoka Gakindu kuja Nyeri mjini karibu na wakati wa uhuru, jina langu likiwa Kamau tu, nikitafuta kazi yoyote isiyo ya kuchuma kahawa. Fundi Abdalla, aliyekuwa na cherehani kwenye baraza hii hii, alinipa kazi ya kushona vifungo na mahali pa kulala nyuma ya duka. Jioni nilisikia watoto wa chuoni wakisoma Kurani. Nilipenda ile sauti kabla sijapenda kitu kingine chochote katika dini. Nikasilimu, nikaitwa Hamisi, nikakaa na watoto wale mkekani, magoti yangu yakiwa juu kuliko vichwa vyao, nikaanza na alifu. Nikahitimu. Siku niliyohitimu nilimuuliza mwalimu wangu maana ya neno moja. Akanitazama kama niliyemuuliza umri wa mkewe. Akasema, "Wewe soma. Maana wanayo wenyewe."

Basi nikaanza kuwatafuta hao wenyewe. Mtu yeyote aliyepita Majengo akiwa na harufu ya Kiarabu nilimkamata. Msomali anayepeleka mbuzi, sharifu aliyekuja kwa maulidi, dereva wa lori aliyewahi kufanya kazi Aden. Nilikuwa na bei yangu: namshonea kifungo bure, ananipa neno moja. Lakini sikutaka maneno ya kawaida. Maji, mkate, nyumba, hayo yalikuwa rahisi mno kwangu. Nilitaka yale ambayo hata wao walisimama kidogo wakikuna kichwa.

Mzee Said, yule Mhadhrami mwenye duka la sukari na vitambaa karibu na soko, ndiye aliyeniharibu kabisa. Ilikuwa Ramadhani, tumefuturu kwake. Akatoa kokwa ya tende mdomoni, akaifuta kwa shuka, akaniambia nitazame. Ndani ya ule mfereji wa kokwa kuna kiuzi chembamba. Hicho kina jina, ni fatil. Mgongoni kuna kitone kidogo kama tundu la sindano. Hicho ni naqir. Na ile ngozi laini inayovaa kokwa nzima, ambayo ukipuliza inaruka, ni qitmir. Maneno matatu juu ya kitu unachotema. Nikamuuliza kwa nini watu wahangaike kukipa jina kitu kidogo hivyo. Akasema, "Ili mtu akikudhulumu hata kiasi hicho, uwe na neno la kumshtakia."

Ile kokwa niliitembeza mfukoni muda mrefu. Kila mteja aliyekuja kupimwa suruali alionyeshwa. Mama yako anasema alikubali posa yangu ili nipate mtu wa kumwonyesha nyumbani na niache kuwasumbua watu barabarani.

Ulipozaliwa nilikuwa nimefika kwenye maneno ya usingizi. Kuna sina, ule uzito unaokaa kichwani kabla usingizi haujashuka. Ukifika machoni una jina lingine, ukifika moyoni una lingine tena. Nilikubeba huku na huku katika chumba hiki nikimwambia mama yako kila hatua. "Sasa ana sina." Mama yako, akiwa amechoka, hakugeuka hata kidogo. "Sasa yuko na mavi. Lete nepi." Nilicheka, lakini nakumbuka niliona kama ananishusha. Nilidhani mtu anayejua jina la jambo ndiye aliyelishika. Nepi aliibadilisha yeye.

Hilo ndilo kosa langu, Zuhura, na silifichi kwa sababu mtaa mzima unalijua. Kadiri neno lilivyokuwa adimu ndivyo nilivyojiona mkubwa. Msikitini nilikuwa nasahihisha watu wazima. Mzee mmoja mchoma mkaa alinivumilia mpaka akachoka, akaniambia mbele ya watu, "Wewe kijana uko na maneno mingi, lakini salamu yako ni fupi sana." Watu wakacheka. Sikuelewa wakati ule walichocheka.

Tena kuna habari ya kiu. Nilipata daraja za kiu kutoka kwa yule dereva wa Aden, na nilizilipia kwa kumshonea koti zima, si kifungo. Kiu ya kawaida ni atash. Ikizidi ina jina, ikikausha koo ina jina, na ile inayochoma kifua ni uwam. Halafu kuna huyam, kiu ya ngamia mgonjwa anayekunywa na kunywa asikate kiu. Nilikuwa sijaoa bado. Nikaenda Gakindu Jumapili nikiwa nimejaa kama debe. Nikamkuta mama yangu, Cucu yako, anapanda kutoka mtoni, maji mgongoni, ukanda umembana kipajini, amejikunja. Nikatembea kando yake hadi juu nikimweleza daraja za kiu, moja baada ya nyingine, kwa Kikuyu, na pale Kikuyu kiliponiishia nikaeleza kwa mikono.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Tulipofika mlangoni akatua mzigo, akanyoosha mgongo, akasema, "Na hao watu wako, wana jina la mtu anayetembea mikono mitupu kando ya mama yake?"

Nilikasirika. Nilimwona hajui anachokikataa. Nilimwambia hiyo ndiyo lugha aliyoichagua Mungu. Akanijibu bila haraka, akiwa anamimina maji kwenye pipa, "Mungu wa hapa Gakindu anajua Kikuyu. Hajawahi kuniuliza nilisema nini." Tangu siku ile sikumweleza tena kitu chochote cha chuoni. Nikienda kwake tulizungumza juu ya kahawa, mvua, na ng'ombe. Alikubali nisali chumbani kwake, alinitandikia kitambaa safi, na hakuniuliza, nami sikumwambia. Niliita hiyo heshima. Sasa naona ilikuwa uvivu.

Neno la mwisho nitakalokutajia ni abb. Unalijua, umelisoma katika Kurani mara nyingi kuliko ulivyosema jina langu. Miaka nilisoma juu ya matunda na abb nikidhani ni tunda la pekee, labda la peponi, tamu kupita kiasi. Nilimuuliza kila mtu. Hata wasomi wa zamani nimesikia walikiri kwamba hawalijui. Mwishowe sheikh mmoja aliyekuwa akipita kwenda Meru aliniambia: ni malisho, majani wanayokula wanyama. Majani ya ng'ombe, Maitu! Nilikaa kwenye baraza nikamkumbuka Cucu akitoka shambani na mzigo wa majani ya nepia unaofunika kichwa chake usimwone, unaona mzigo unatembea peke yake. Nilitaka kwenda kumwambia. Sikwenda. Nilikuwa na suruali za sare za shule za kumaliza, halafu ikapita.

Sasa tuje Jumamosi.

Tulikwenda watatu, mimi, wewe na Bi Salma, ukaage. Cucu alikuwa ameponda ndizi na viazi tangu asubuhi. Bi Salma alikula akasifu, akauliza majina ya miti, akafurahia baridi kama mtu aliyenunuliwa zawadi. Mimi nilifurahi. Alasiri ikaingia, ukatawadha penye pipa la maji, ukajifunga mtandio ule mweupe mpya. Cucu akatoka jikoni. Akasimama mbele yako, akatema mate kidogo viganjani, kama anavyombariki kila mtu wa kwake anayeondoka, akanyoosha mikono akupake usoni.

Ukarudi nyuma hatua moja. "Cucu, hapana. Niko na udhu."

Ulisema kwa Kikuyu chote isipokuwa lile neno moja. Alibaki na mikono hewani. Akanitazama mimi. Nami, mhitimu wa chuo, mwokota maneno wa Majengo, nikamtazama ng'ombe. Cucu akajifuta mikono kwenye sketi, polepole, upande huu na upande huu. Akasema, "Haya, gari isiwaache." Akachukua panga akashuka kwenye nepia, na hakugeuka. Njia nzima ya kurudi mlikuwa mkizungumza na Bi Salma juu ya sarufi.

Tusidanganyane. Unajua kwamba mate ya binadamu si najisi wala hayavunji udhu. Nilikufundisha mimi mwenyewe ukiwa bado na mapengo. Ulimwonea haya Bi Salma. Ile haya naijua. Nilipokuwa kwa Fundi Abdalla, wageni wake wakiniuliza kwetu ni wapi nilikuwa nasema "Nyeri hapa hapa", kama niliyezaliwa kwenye baraza. Siku ninaondoka Gakindu Cucu alinipaka vile vile, nikaja na mate yale usoni mpaka mjini, vumbi likaganda juu yake, na sikuyafuta. Kutoka kwenye uso ule hadi yule kijana wa "Nyeri hapa hapa" haikuchukua muda mrefu. Hutambui unapogeuka. Unajiona unasonga mbele tu.

Nimekasirika, mwanangu. Nimekasirika tangu Jumamosi na nimekula chapati zako nikiwa nimekasirika. Ningeweza kukuamuru urudi Gakindu jana. Ungekwenda, wewe si mkaidi. Ungesimama mbele yake umefumba macho kama mtoto anayengoja sindano ya daktari, na Cucu angejua nimekutuma. Kwa hiyo sikukuamuru. Lakini wewe unakwenda kwa miaka, na mimi nimeutazama mwendo wa Cucu akishuka kwenye nepia. Mguu wa kushoto anauburuta. Sidhani mtakutana tena, Zuhura. Hilo ndilo linalonikaa hapa kifuani, na sina neno lake, la Kiarabu wala la kwetu. Unakwenda bila baraka ya mtu unayebeba jina lake, na yeye anabaki na—

Nimekatizwa. Nimerudi sasa, na taa nimeiwasha. Nisubiri nikueleze kwa mpango.

Nilisikia mtu ananiita "Kamau!" pale nje. Katika Majengo hii yote hakuna anayeniita Kamau. Nikatoka. Ni Cucu, na kiondo chake mgongoni, ameshushwa na lori lililoleta kahawa mjini. Unajua mwenyewe hajawahi kulala hapa hata siku moja; anasema nyumba zetu zimeshikana mno, mtu akikohoa jirani anaitikia. Akaingia, akatua kiondo, akatazama chumba.

"Mtoto yuko wapi?"

"Amekwenda kuaga. Atarudi sasa hivi."

"Anakula?"

"Anakula sana."

Akakaa kwenye kigoda. Halafu akasema kwa sauti ya chini, kama watu wanaozungumza karibu na mgonjwa, "Kamau, niambie ukweli. Hiyo kitu alisema iko naye, ni ya kifua?"

Sikumwelewa. Akaendelea, "Tangu Jumamosi sijalala. Nikasema, mtoto alirudi nyuma ili asiniambukize. Ndiyo sababu na wewe ulitazama kando. Mnanificha. Na kama ni mgonjwa, kwa nini mnampeleka mbali hivyo? Si heri akae kwangu anywe maziwa?"

Ala! Nilikaa chini, mwanangu. Nilikaa chini sakafuni kwa sababu hapakuwa na kigoda kingine. Mimi niliyekuwa nimejaza kurasa hapo juu juu ya mama yangu aliyevunjwa moyo! Mwenyewe hakuwa na habari ya kuvunjwa moyo. Alikuwa akikuugulia. Neno hili nalitumia mara tano kila siku, nimesali nyumbani kwake miaka yote hii, na sikuwahi kumwambia maana yake.

Nikamwambia. Nikamwambia udhu ni kunawa. Mikono, mdomo unasukutua, pua, uso, mikono hadi kwenye viwiko, unapaka kichwa maji, masikio, halafu miguu. Ukishanawa hivyo uko tayari kusali.

"Kunawa?"

"Kunawa."

"Haiya! Kunawa tu, na mnaniacha nife na wasiwasi?" Akanipiga begani na leso, na si kwa mchezo. "Na wewe ulikuwa umesimama pale na mdomo wako!" Alicheka, akafuta macho, akacheka tena, akatukana kidogo kwa Kikuyu, maneno ambayo sitakuandikia. Nikamwambia pia habari ya abb, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza. Akasema, "Miaka yote hiyo ulikuwa unauliza wageni majani ya ng'ombe ni nini?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa.

Kisha akawaza. Nilimwona anawaza. Akasema, "Kumbe hakutaka nimchafue, na amenawa."

Nikafungua mdomo kumweleza habari ya najisi na isiyo najisi, na habari ya haya, na Bi Salma. Akaninyamazisha kwa kiganja. "Lete maji," akasema. "Nionyeshe mnavyofanya."

Nikaleta birika na beseni. Nikammiminia. Alinawa mikono kama anayekwenda kukanda unga, akasukutua mdomo mara nyingi kuliko inavyotakiwa, akanawa uso, mikono, akataka na sabuni nikamwambia sabuni haimo, akasema yeye anaitaka. Nikampa sabuni. Miguu yake nilimwosha mimi, kwa sababu hawezi kuinama sana upande ule wa kushoto. Visigino vimepasuka, nina hakika udongo wa Gakindu umo ndani yake tangu kabla sijazaliwa. Hakuwa anaingia dini yangu. Yeye ni wa kanisa lake, na Jumapili atakuwa kwenye benchi lake. Alitaka tu ukirudi usipate sababu ya kumkwepa.

Sasa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Nimempa chai, amekataa, anasema atachafua mdomo. Nimempa taulo, amekataa pia. Anataka mikono ikauke yenyewe. Ameiweka juu ya magoti, viganja juu, haigusi kitu chochote. Kila nyayo zikipita nje anainua kichwa.

Nilitaka kukata ukurasa ule wa hasira, nimeuacha. Usome, ujue baba yako anavyoweza kukosea kwa mwandiko mzuri. Barua hii naikunja sasa niitie kwenye mkoba wako chini ya leso, uione kesho ukishashuka basi na kupanda gari la moshi. Namsikia mama yako anabishana na muuza mkaa pale kona, kwa hiyo mko karibu, na Bi Salma nasikia sauti yake pia, amekusindikiza. Utaingia mlangoni naye yuko nyuma yako.

Wewe unaposoma hapa unajua ulifanya nini. Mimi bado sijui. Cucu ameshasimama.

Baba yako